Huyu "mtaalamu wa Ulaya" wenu kanidhalilisha Lyon. Mtu mzima naletewa penseli za rangi!

Wakuu, naandika nikiwa hotelini, saa saba usiku, tumbo linaunguruma kama lori linalopanda Kitonga.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule kila sentensi anaanza na "sisi tunaoishi huku". Ukiuliza bei ya nyanya Kariakoo anakujibu kwa yuro.

Nimekuja likizo siku sita. Akasema nisipoteze hela kwenye pizza, atanipeleka bouchon, vile vimgahawa vya asili vya Lyon. Mahali pazuri, sikatai. Meza zimebanana kama za kilabuni, mvinyo unaletwa kwenye chupa yenye kitako kinene, ya sentilita 46. Nikamwachia aniagizie. "Kula soseji ya hapa, andouillette, hutajuta."

Soseji! Nani asiyejua soseji? Ikaja imenona, mchuzi wa haradali juu. Nikapitisha kisu, ikafumuka kama belo la mitumba. Utumbo ndani ya utumbo ndani ya utumbo. Na ile harufu, wakuu... choo cha stendi saa sita mchana.

Nikaweka uma chini kistaarabu. Sikutema. Sikulalamika. Jamaa akamwita mhudumu, akambwabwajia Kifaransa, watu wote mgahawani wakaangua kicheko. Dakika mbili tu, mhudumu huyo anarudi na MENYU YA WATOTO. Na penseli za rangi nne. Na karatasi ina picha ya kuku, nipake.

Nina miaka 43. Nina ndevu. Nina binti kidato cha pili. Penseli za rangi!

Halafu bili tukagawana sawasawa.

Kichuguu_72: Uzi bila picha ya kuku ni umbea. Ulimpaka rangi gani?

Mleta uzi: Kijani. Lakini hiyo siyo hoja!

Kichuguu_72: Kijani? Kumbe na wewe ni wale wale.

BibiWaJikoni: Pole mwanangu. Hiyo ni utumbo wa nguruwe, haijawahi kuwa siri. Wenyewe wana mpaka chama cha wapenzi wake, na zile bora wanazipa herufi A tano. Yako ilikuwa nazo?

Mleta uzi: Menyu iliandikwa AAAAA. Nilidhani mpishi anapiga kelele.

BibiWaJikoni: Basi jamaa alikuheshimu. Kakupa daraja la kwanza.

Mleta uzi: Mama, PENSELI. Za rangi. Mbele za watu. Heshima iko wapi hapo?

Kibosho_Juu: Ngoja. Juzi tu humu ulikuwa unasifia kisusio cha kwenu. Damu ya mbuzi unakunywa, utumbo uliooshwa Ulaya unakutoa jasho?

Mleta uzi: Kisusio hakinuki hivyo!

Kibosho_Juu: Kinanuka. Umezoea.

Mzee_wa_Nukuu: Meya wao wa zamani hapo Lyon, Édouard Herriot, anatajwa kusema siasa ni kama andouillette, sharti inuke mavi kidogo ila isizidi. Mkuu, ulikula siasa.

Shombeshombe: Chai hii. Ongezeni tangawizi.

DadaWaMbezi: Siyo chai, huyo mtu namfahamu! Mwaka juzi aliniagizia cervelle de canut, akaniapia kwamba ni ubongo. Nimekula huku machozi yananitoka nisionekane mshamba. Kumbe jibini laini la vitunguu na majani, jina tu ndilo linasema ubongo wa mfuma hariri.

Mleta uzi: MNAONA! Ila wewe hukuletewa penseli.

Msafiri_Asiyechoka: Afadhali wewe ulipewa hata hiyo menyu. Mimi Avignon nimeingia saa nane na robo mchana, watu wamejaa wanakula, naambiwa jiko limefungwa mpaka saa moja jioni. Tumekula biskuti kwenye benchi, mimi na mama mkwe. Hajanisemesha hadi leo.

DadaWaMbezi: Ulisalimia bonjour ulipoingia?

Msafiri_Asiyechoka: Nilisema "mambo vipi" kwa macho.

Pweza_Mkavu: Nyie hamjadhulumiwa. Marseille niliagiza bouillabaisse. Ikaja supu tupu na mikate mikavu ya kupaka ile sosi ya pilipili na saumu. Nikajua ndiyo yote, nikashindilia mikate hadi ya meza ya jirani. Nimeshiba ndiyo samaki wanaletwa, sahani nzima! Bei yake unanunua mbuzi.

Shombeshombe: Mtu wa Tanga kashindwa na samaki. Aibu ya mkoa.

Kibosho_Juu: Mimi nikienda Paris sihangaiki. Nashuka metro Château Rouge, unga upo, bamia zipo, mihogo ipo.

Pweza_Mkavu: Unga upi? Ule niliopata mimi ulisonga kama gundi.

DadaWaMbezi: Beba wako. Na dagaa beba, samaki wanaruhusu. Nyama na maziwa ndiyo forodha wanakamata.

Mleta uzi: Wakuu, tunaweza kurudi kwenye penseli? Sasa hivi kaweka picha yangu status, kaandika "mgeni wetu mdogo".

Msafiri_Asiyechoka: Dagaa wa Kigoma au wa Mwanza?

DadaWaMbezi: Kigoma. Wakaange kwanza, la sivyo begi zima litanuka.

Kichuguu_72: Kama andouillette.