Kusomeshwa udaktari wa meno na jeshi la Marekani: kijana asaini au asisaini?

Mleta mada:

Wakuu, naileta hoja hii kwa sababu imeingia nyumbani kwetu na inaninyima usingizi. Binti wa dada yangu, aliyezaliwa huku Marekani, amepata nafasi ya kusomea udaktari wa meno. Chuo ni cha binafsi. Ada, vifaa, nyumba na chakula vinakaribia dola 100,000 kwa mwaka, na masomo ni miaka 4. Ofisa uandikishaji wa jeshi amemwekea mkataba mezani: jeshi litalipa ada yote, vitabu na vifaa, litampa posho ya zaidi ya dola 2,500 kwa mwezi, na lipo pia fungu la dola 20,000 la kusaini. Akihitimu anaingia kazini na cheo cha kapteni, anatumikia miaka 4, deni sifuri. Dada yangu amelia kwa furaha. Mimi nimekaa kimya, na kimya changu kimeleta ugomvi.

Msimamo wangu nauweka wazi. Asisaini, isipokuwa kama angekubali kuvaa magwanda hata kama chuo kingekuwa bure.

Simdharau mwanajeshi. Nachokataa ni jinsi mtu anavyofikishwa kwenye ile meza. Mpango huu ulizaliwa mwaka 1972, wakati Marekani inajiandaa kuachana na kuandikisha watu kwa lazima, jambo lililotimia mwaka uliofuata. Kabla ya hapo serikali ilikuwa inawachukua wataalamu kwa nguvu ya sheria. Mwaka 1950, vita vya Korea vilipoanza, Bunge lilipitisha sheria mahususi ya kuwaita jeshini madaktari, na madaktari wa meno wakiwemo. Leo hakuna barua ya kuitwa, ila ipo ankara ya ada. Wahitimu wa fani hii wenye mikopo hutoka chuoni na wastani wa deni la karibu dola 300,000. Mtoto wa tajiri haoni mlango wa ofisa uandikishaji hata kwa mbali. Wa kwetu anauona kila asubuhi.

Na sasa hali imebana zaidi. Kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025, mwanafunzi mpya wa fani kama hii anayeanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026 hawezi kupata mkopo wa serikali ya shirikisho unaozidi dola 50,000 kwa mwaka, wala 200,000 kwa jumla. Binti yetu anahitaji mara mbili ya hizo. Nusu iliyobaki aitafute benki, kwa riba watakayoitaka wao, au asaini. Mtu aliyeachiwa njia hizo mbili, tunasema kweli amejitolea?

Wapo wanaonituliza kwamba daktari wa meno hafiki vitani. Kapteni Ben Salomon alikuwa daktari wa meno. Julai 1944, kisiwani Saipan, alikuwa ameshika nafasi ya daktari wa batalioni aliyejeruhiwa. Hema lake la matibabu lilipovamiwa aliamuru majeruhi waondolewe, akabaki nyuma na bunduki ya rashasha mpaka akauawa. Medali yake kuu ilitolewa mwaka 2002, miaka 58 baadaye, kwa sababu ilibishaniwa kama mtu wa tiba aliruhusiwa kushika silaha ile. Najua kisa hiki si cha kila siku. Lakini magwanda ni magwanda.

Naomba michango, hasa ya waliopita njia hii.

Daktari wa meno, Texas:

Shikamoo kaka. Nimepita njia hiyo. Nimesomeshwa na Jeshi la Nchi Kavu, nimetumikia miaka yangu 4, leo nina kliniki yangu. Wazazi wangu walikuwa wasafisha ofisi za usiku.

Kipimo chako si cha haki. Nani kati yetu angeamka alfajiri kesho kama mshahara ungekatwa? Kila kazi ina ujira wake na hatusemi mtu kalazimishwa. Mbona jeshi tu ndilo litakiwe kutumikiwa kwa mapenzi matupu?

Nikuambie nilichokiona. Mwezi wangu wa kwanza nilipokea kijana wa miaka 19 kutoka kijiji cha milimani, hajawahi kukalia kiti cha daktari wa meno tangu azaliwe. Magego manne yameoza, moja limebaki mzizi. Aliponiuliza itamgharimu shilingi ngapi (nasema shilingi kwa mazoea), nikamwambia hakuna kitu. Akanitazama kana kwamba namdanganya. Nilimtibu kwa wiki sita bila kupiga simu hata moja ya bima. Wenzangu niliomaliza nao, walioingia kwenye kliniki za makampuni, walikuwa wanahesabiwa kila jino walilovika taji. Mimi nilijifunza ufundi kwa utulivu.

Sitaficha upande wa pili. Jeshini meno ya kila mtu yamepangwa katika madaraja manne. Daraja la tatu ni yule ambaye jino lake linaweza kumletea dharura ndani ya miezi 12, na huyo haruhusiwi kupelekwa vitani. Kwa hiyo nilipomziba yule kijana nilikuwa namponya, na pia nilikuwa nasaini kwamba yuko tayari kwenda. Alikwenda. Alirudi salama, namshukuru Mungu, lakini miezi ile nilikuwa nalifikiria jina lake kila usiku. Binti ajue hilo ndilo analokwenda kulifanya.

Mama wa watoto wanne, Kentucky:

Nimesoma nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Tulikimbia, tukaishi Nyarugusu miaka 11, wawili kati ya wanangu wamezaliwa kambini. Kwetu ukimwona mtu wa magwanda unawafunika watoto mdomo wasilie.

Mwanangu wa pili naye anataka mkataba huo huo. Alipewa uraia, maana bila uraia hawampi nafasi ya uofisa. Ananiambia, mama, hili si jeshi lile. Nami naamini si lile. Lakini mwili wangu haujui tofauti. Siku aliyoleta karatasi nilitetemeka mikono mpaka sufuria ikanianguka.

Daktari, nakuheshimu, umewatibu watoto wa wenzako. Ila unaposema kila kazi ina ujira, kazi nyingine ukichoka unaacha. Mwanangu akifika mwaka wa pili, moyo wake ukakataa vita, atawaambiaje?

Mfanyakazi wa kliniki ya jamii, Ohio:

Ndugu, mnabishana kana kwamba njia ni mbili tu. Ipo ya tatu, na haina bunduki. Serikali hiyo hiyo ina kikosi cha taifa cha huduma za afya, kilichoanzishwa mwaka 1970, kinachosomesha madaktari wa meno ili wakafanye kazi sehemu zenye upungufu: mashamba ya mbali, mitaa ya maskini, magereza. Mwaka mmoja wa ada kwa mwaka mmoja wa kazi, usiopungua miaka 2, usiozidi 4. Nafasi ni chache mno na wanaoomba ni wengi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Kliniki yetu inaona wazee wanaong'oa meno yao wenyewe kwa koleo. Bima ya wazee ya Medicare imekuwepo tangu mwaka 1965 na mpaka leo kwa kawaida haigharimii kuziba wala kung'oa jino. Jeshi lilishalielewa jino zamani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani askari asiye na meno ya mbele alikataliwa kwa kuwa hawezi kung'ata karatasi ya baruti, na kikosi cha madaktari wa meno cha Jeshi la Nchi Kavu kipo tangu mwaka 1911. Nchi inayojua thamani ya jino la askari kwa kiasi hicho, inashindwaje kuliona jino la bibi wa milima ya Appalachia? Zipanuliwe nafasi za kikosi cha afya zilingane na za jeshi, halafu kijana achague. Hapo ndipo nitakubali neno kujitolea.

Mleta mada:

Ahsanteni. Naanza na mama wa Kentucky, kwa sababu swali lake ni zito kuliko langu. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Boston ilimpa haki daktari wa usingizi aliyesomeshwa na jeshi, ambaye baadaye alisema imani yake ya Kikristo haimruhusu kushiriki vita. Kwa hiyo mlango upo. Lakini aliufikia kwa kesi, baada ya jeshi kumkatalia, na aliyesomeshwa akitoka mapema anaweza kudaiwa fedha zote. Mwanao na alisome hilo kabla ya kusaini, mama, asilisome baadaye.

Daktari, kipimo changu umekigonga na kimepasuka. Nakiri. Hata mimi nisingeendesha lori bila malipo. Nakibadilisha: asaini yule anayeweza kufanya ulichokifanya wewe, kumziba kijana jino akijua anamsafirisha, na bado akalala. Nilimsomea mpwa wangu maneno yako jana usiku. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Mjomba, yule kijana aliitwa nani?" Sikuwa na jibu.

Maombi ya kikosi cha afya anajaza wiki hii. Akikosa, bado anataka kusaini, na sitasimama mlangoni.

Kitu kimoja bado hatujakigusa. Miaka 4 ya kazi siyo mwisho wa mkataba. Jumla ni 8, na iliyobaki unakuwa kwenye jeshi la akiba, nyumbani, lakini jina lako linabaki kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa. Atakuwa na kliniki, pengine na mtoto mchanga. Kama humu yupo aliyewahi kuitwa akiwa tayari amevua magwanda, namwomba atueleze ilikuwaje, na kliniki alimwachia nani.