Kutoka kaunta ya benki hadi ushauri wa fedha: mwanamke aingilie wapi?

Karani wa Buruburu

Salamu kwenu nyote. Mimi ni karani wa benki hapa Nairobi, na kampuni moja ya bima imenipa nafasi yenye cheo cha mshauri wa fedha. Mshahara hakuna, malipo yote ni kamisheni, na mafunzo yalipoanza tu kila mmoja wetu alitakiwa aandike majina ya watu mia moja anaowafahamu, kuanzia jamaa zake, waumini wenzake hadi wanachama wa chama chake cha akiba. Waliojaa darasani walikuwa wanawake, ilhali wakufunzi na wasimamizi karibu wote walikuwa wanaume, na jambo hilo limenifikirisha. Kazi yenyewe naipenda kwa dhati, kwa maana hata pale kaunta akina mama huniuliza mambo yasiyo ya karani kuyajibu, kama yule aliyelipwa mafao ya marehemu mumewe akataka kujua kama anunue shamba Kitengela au aziweke fedha mahali pengine kwanza. Ningependa kujua kutoka kwa walio katika kazi hii kama huu ndio mlango wa kuingilia, kwa kuwa nina watoto wawili na mwenye nyumba hangoji kamisheni.

Mhasibu wa Upper Hill

Dada, tenganisha cheo na leseni kabla ya jambo lingine lolote. Wakala wa bima husajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima baada ya kufaulu mtihani wa cheti unaotolewa na Chuo cha Bima kule South C, na usajili huo unamruhusu kuuza bima, hata kama kadi yake imeandikwa mshauri kwa herufi za dhahabu. Kushauri watu kwa malipo kuhusu hisa, hati fungani (yaani mkopo unaoipa serikali au kampuni kwa riba) na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ni shughuli nyingine, iliyo chini ya leseni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Njia ya kitaaluma ninayoipendekeza ni mitihani ya CIFA, ya wachanganuzi wa uwekezaji na fedha, inayotolewa na bodi ya mitihani ya Kasneb, ambayo unaweza kuisomea jioni ukiwa bado na mshahara wako, kisha ujisajili na taasisi ya wachanganuzi wa uwekezaji na fedha inayotambuliwa na sheria ya mwaka 2015. Siidharau bima hata kidogo. Hoja yangu ni kwamba anayekulipa ndiye atakayeuelekeza ulimi wako, na yule mjane aliye mbele yako huenda hahitaji bima ya akiba kamwe.

Wakala wa Kasarani

Namheshimu Mhasibu, lakini si kila mama ana nafasi ya kusoma miaka kadhaa ndipo aanze. Mimi nimesomesha watoto kwa kamisheni za bima. Hata hivyo, dada yangu, yako mambo ambayo hutaambiwa darasani. Kamisheni ya bima ya maisha huwa nono mwaka wa kwanza kisha hupungua sana, na mteja akiacha kulipa mapema, kampuni hukukata ile uliyokwisha kupokea, huku mteja naye akirudishiwa kidogo mno au asipate kitu. Ndiyo maana orodha ile ya majina mia moja ni ya kuogopwa: ukimwuzia shemeji yako mkataba asioumudu, utapoteza kamisheni na shemeji pia. La pili, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, lakini wakala si mwajiriwa, kwa hiyo ukijifungua hulipwi mpaka urudi barabarani. La tatu ni wale wateja wanaotaka mkutane hotelini saa mbili usiku. Mimi hukutana na mtu ofisini kwake au kwenye mkahawa wenye watu mchana, na anayekataa simfuati.

Mweka Hazina wa Chama

Niseme kwa upande wa mteja. Tangu Benki Kuu ilete DhowCSD, mfumo wake wa mtandaoni wa kununulia hati za serikali, mwaka 2023, mtu hununua hati hizo kwa simu yake, kuanzia shilingi 50,000, bila wakala. Kwa hiyo simhitaji mtu wa kunifungulia akaunti, namhitaji wa kunisaidia kupanga. Mama mmoja chamani mwetu alitaka riba ya hati fungani imlipie karo, na riba hiyo huja kila baada ya miezi sita ilhali shule hufunguliwa mara tatu kwa mwaka. Mshauri wetu, ambaye ni mwanamke, alikaa naye na kalenda wakachagua hati mbili zenye miezi tofauti ya malipo, kisha fedha za muhula uliobaki zikawekwa kwenye mfuko wa soko la fedha, ambako hutolewa kwa siku chache. Kazi ya namna hiyo chama chetu huilipia bila kunung'unika.

Karani wa Buruburu

Ahsanteni sana. Mweka Hazina, mshauri huyo mnamlipa vipi? Nami naweza kuanza hivyo nikiwa bado benki?

Mweka Hazina wa Chama

Halipwi na sisi moja kwa moja. Ameajiriwa na kampuni yenye leseni, ambayo hututoza ada iliyoandikwa kwenye mkataba, naye hupata mshahara na nyongeza kidogo.

Mhasibu wa Upper Hill

Nafasi kama hiyo ndiyo ningeitafuta, dada, badala ya ile ya kamisheni tupu. Kampuni za usimamizi wa mifuko huajiri watu wa kuhudumia wateja, na mtu aliyezoea kaunta huwafaa. Ila kuhusu kufanya pembeni, soma kwanza mkataba wako wa ajira, kwa sababu benki nyingi hukataza mfanyakazi kushauri wateja wao kwa malipo ya nje, na mjane yule ulikutana naye kwenye kaunta yao.