Kazi ya baruti: shimo la wazi, chini ya ardhi, au karieri ya mawe?

Mwana wa Katuba
Jambo bakubwa. Nimemaliza masomo ya ufundi wa migodi na nina milango mitatu, yote ya baruti. Wa kwanza ni kampuni ya sutretansi, yaani inayofanya kazi kwa niaba ya kampuni kubwa, inayolipua kwenye shimo la wazi upande wa Fungurume: unakaa kambini, unakula kwao, unarudi nyumbani kwa zamu. Wa pili ni kuwa msaidizi wa mlipuaji chini ya ardhi kule Kipushi, ambako naweza kurudi kulala Lubumbashi. Wa tatu ni karieri ya mawe ya ujenzi kwenye barabara ya Likasi. Mwenyewe anajuana na mjomba wangu, anasema nianze hata Jumatatu. Fungurume wanalipa zaidi, karieri ndiyo ya mwisho. Mama hataki hata mmoja. Nisaidieni kupima, na msiniambie "sali tu", hiyo nafanya tayari.

Kapita Mstaafu
Mdogo wangu, mshahara uweke pembeni kwanza. Uliza nani anashika daftari la baruti pale, na nani atasimama karibu nawe mpaka mkono uzoee. Baruti yote inayotoka ghalani inaandikwa, na inayobaki inarudishwa na kuandikwa tena. Mahali ambapo daftari linajazwa jioni kwa kukumbuka, usiweke mguu.

Sasa kuhusu shimo la wazi. Utaona vitu vikubwa, lakini kazi imegawanywa vipande vipande. Watoboaji wanatoboa na kuondoka. Linakuja lori limebeba emalshani (uji mzito wa baruti), ambayo ikiwa ndani ya tangi bado si baruti kamili, nguvu yake inapatikana inapoingia tunduni. Wewe kijana mpya utapewa kuziba matundu kwa kokoto na kukunjua nyaya. Utaziba mpaka uote kokoto usingizini. Kuziba si kazi ya kudharau, maana tundu lisilozibwa vizuri ndilo linalorusha mawe juu ya vichwa vya watu, lakini unaweza kumaliza mkataba mzima hujajua kwa nini matundu yalipangwa hivyo.

Chini ya ardhi mikono ni michache. Unasimama mbele ya uso wa mwamba na mlipuaji wako, na unaona kila kitu. Katikati yapo matundu yanayoachwa matupu, hayatiwi baruti, ili mwamba wa kwanza kuvunjika upate pa kwenda. Kisha yanayozunguka yanafuata, mpaka ya pembeni, kila moja kwa ucheleweshaji wake. Ukikosea mpangilio, mwamba unang'ang'ania na unaacha vipande virefu vya matundu ukutani. Na hapo ndipo kanuni ambayo sisi wazee tunaisema kabla ya salamu: usitoboe kamwe ndani ya tundu la zamani wala jirani nalo, hata likionekana tupu. Huenda kuna baruti iliyokataa kulipuka inakungoja.

Mimi ningekwenda Kipushi.

Posti ya Usiku
Vye, mzee wangu, kwa heshima zote, unamwambia mtoto habari za enzi ya utambi. Shimo la wazi la leo ni kompyuta. Fataki za elektroniki, yaani viwashio vya baruti, kila moja ina namba yake, unaisoma kwa mashine, unaipa muda wake kwa milisekunde, na kabla ya kulipua mashine inakuambia ipi haijibu. Kijana akishajua kuziprogramu, cheti kile kinamfungulia mlango Kolwezi, Zambia, popote. Huko chini atajifunza mwamba, sawa, lakini atajifunza pia moshi.

Kapita Mstaafu
Utambi sikuushika sana, mimi si mzee hivyo. Lakini kuhusu moshi uko sahihi, na niliuruka haraka. Mlipuko chini ya ardhi unaacha monoksidi ya kaboni, ambayo huioni wala huisikii harufu, pamoja na oksidi za nitrojeni zenye rangi ya kahawia. Ndiyo maana wanalipua mwisho wa posti, yaani zamu, watu wote wakiwa wametoka, na posti inayofuata haishuki mpaka hewa ipimwe. Wa kwanza kurudi anaingia na kipima gesi mkononi, anaangalia kama kuna baruti iliyokataa, kisha mawe yaliyolegea darini yanaangushwa kwa mtaimbo. Kapita, yaani msimamizi, anayewaharakisha watu warudi kabla ya hapo ni muuaji, hata akiwa na tabasamu. Kipushi ina shimo la kushukia lenye mita 1,240. Mgodi ulisimama 1993 na zinki ikaanza kutoka tena 2024, kwa hiyo sehemu kubwa ya vifaa ni vipya. Hata hivyo, kijana aulize jambo moja tu: baada ya mlipuko wanasubiri muda gani, na nani anatoa ruhusa ya kushuka?

Posti ya Usiku
Hapo tumeelewana. Naongeza la mvua, kwa sababu mahojiano ya Fungurume watayafanya wakati wa kiangazi na hawatamwambia. Kuanzia Novemba matundu yanajaa maji. Baruti ya kawaida ya nitrati na mazuti inayeyuka ndani ya maji, kwa hiyo inabidi itumike emalshani, na kazi inakuwa taratibu. Kisha radi. Mmejaza matundu mamia, wingu linatokea, king'ora kinalia, wote mnaondoka na shimo linabaki limejaa baruti bila mtu. Nonel, fataki inayowashwa kwa mrija badala ya waya wa umeme, ilitatua tatizo la umeme wa kupotea na la redio, lakini radi ikipiga pale pale haiulizi aina ya fataki. Kuna siku utakaa ndani ya basi kuanzia saa nane mpaka giza. Kampuni nzuri inakulipa saa hizo. Muulize.

Mke wa Mlipuaji
Mmeongea mambo ya mwamba, acheni niongee ya karatasi. Mwanangu, hii sutretansi ya Fungurume inakupa mkataba wa muda gani? Sheria ya kazi ya 2002 inasema mkataba wa muda maalumu hauzidi miaka 2, na ukiwa umeoa na kazi inakutenga na familia yako, hauzidi mwaka 1. Hilo la mwaka 1 wengi hawalijui, na maofisa wa wafanyakazi hawalitangazi. Sheria ya sutretansi ya Februari 2017 nayo inataka kazi hizo zipewe kampuni ambazo wenye mtaji mkubwa ni Wakongomani. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi zimezaliwa juzi juzi, nyingine zina ofisi moja na muhuri. Uliza kama wanakulipia CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, uonyeshwe karatasi, si mdomo.

Na karieri ya yule anayejuana na mjomba: mwenyewe atataka akulipe kwa siku. Ukishafanya siku 22 ndani ya miezi 2, akikuita tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inakuhesabu kuwa una mkataba usio na mwisho. Ndiyo maana wengine wanakuambia "pumzika kidogo" siku ya ishirini na moja.

Mume wangu alianza karieri. Mikono yake mizima, namshukuru Mungu, lakini nikimuita kutoka jikoni haitiki.

Fundi wa Kakontwe
Mama amesema kweli ya masikio. Lakini karieri msiitupe hivyo. Sisi kwenye chokaa huku Likasi tuko wachache, kwa hiyo kijana mmoja anapima nafasi za matundu, anatoboa, anajaza, anaunganisha, anafunga barabara, kisha anakwenda kuona jiwe limevunjika vipi. Jiwe likitoka kubwa mno, mashine ya kusaga inakwama, na bosi anakuja kwako mwenyewe. Hakuna shule inayofundisha haraka hivyo. Nimeona vijana wa shimo kubwa waliokaa kambini miaka na hawawezi kukuambia kwa nini waliweka matundu umbali ule.

Ubaya wake ni kwamba hakuna anayekuangalia. Kwa hiyo, kabla ya Jumatatu, omba uone ghala. Fataki na baruti hazikai chumba kimoja wala hazisafiri kwenye gari moja. Ukizikuta pamoja, au ukakuta fataki kwenye droo ya ofisi kando ya chaja ya simu (nimeiona hiyo), msalimie mjomba na urudi Katuba.

Sifa wa Bukavu
Ndugu, mbona hakuna anayetaja kuteguwa mabomu? Huku Kivu mabaki ya vita ni mengi, na kazi ya kuyaondoa ipo. Kongo imo kwenye mkataba wa Ottawa tangu 2002.

Posti ya Usiku
Dada Sifa, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Sisi tunajua baruti iko wapi kwa sababu tumeiweka wenyewe. Mafunzo ya migodi hayampi ruhusa ya kugusa bomu la mtu mwingine, itabidi aanze upya. Na hali ya Goma na Bukavu tangu mwanzo wa 2025 unaijua kuliko sisi.

Mlushois wa Joburg
Mimi nilikuwa na ndoto ya kubomoa maghorofa, nikaja huku Joburg. Novemba 2019 waliliangusha jengo la Bank of Lisbon, ghorofa 31, mita 108, kwa kilo 894 za baruti. Sekunde chache tu, mji mzima ulikuwa unapiga picha. Ambacho picha hazionyeshi ni miezi ya kutoboa nguzo, kukata vyuma na kufunga vitambaa. Na kazi za namna hiyo ni chache, timu ni ndogo, wanachukuana wenyewe kwa wenyewe. Lubumbashi nyumba zinabomolewa kwa nyundo na mashine. Aanze na mwamba.

Mwana wa Katuba
Aksanti sana, wote. Nimekwenda karieri, nikaomba kuona ghala. Mwenyewe alicheka, akasema funguo ziko kwa dereva na dereva yuko Likasi. Nimemwambia mjomba asante. Fungurume wamekubali kunitumia mkataba nisome kwanza, haujafika. Kipushi wameniambia nikapime afya wiki ijayo: kifua, macho, masikio. Vye Kapita, nikienda kupima nisubiri ya Fungurume au nianze?

Kapita Mstaafu
Nenda ukapime, kipimo hakikufungi popote. Siku mbili kabla usikae karibu na baa yenye muziki wala jenereta, ili masikio yapimwe yakiwa yamepumzika. Omba nakala ya picha ya kifua na ya kipimo cha masikio, zenye tarehe na muhuri, uziweke kwa mama yako. Siku ukitaka kudai kuwa kazi ndiyo iliyokuharibu, watakuuliza ulikuwaje ulipoingia. Na daftari la baruti, usisahau kuuliza.