Mafundi acheni kuwauzia watu kifurushi kikubwa, tatizo ni bakapu isiyo na kikomo!

Wakuu, hili jambo linakera na linaendelea kula hela za watu. Ofisi ina laini ya 20 Mbps (megabiti kwa sekunde). Asubuhi simu za intaneti zinakatikakatika, mfumo wa mauzo unazunguka tu. Fundi anaitwa, anapima kasi, anatoa hukumu: "Laini ni ndogo, pandeni 50." Wanalipa, na shida inabaki palepale, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuangalia bakapu, yaani sava (kompyuta kuu ya ofisi) inayosukuma nakala za mafaili kwenda kwenye wingu, hifadhi ya mtandaoni, saa za kazi.

TCP, kanuni inayosafirisha data mtandaoni, inaongeza mwendo mpaka pakiti (vipande vya data) zianze kupotea. Ukiipa 50, itajaza 50. Na pakiti zinachelewa kupotea kwa kuwa modemu ina bafa (sehemu ya pakiti kusubiria) kubwa. Bafa ya MB 2 kwenye laini ya 20 Mbps ikijaa, kila pakiti inasubiri sekunde 0.8 ndipo itoke. Simu gani itavumilia hapo? Hata wanaopakua wanaumia, maana majibu ya kuthibitisha kwamba pakiti zimefika yanapita upande uleule wa kupakia, yanakwama nyuma ya bakapu.

Foleni hiyo ya pakiti inatakiwa ihamie kwenye ruta yako, unakoweza kuiamuru. Weka kikomo cha kupakia 18 Mbps, chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili modemu isijae kamwe. Kisha tumia CAKE au fq_codel, mbinu za ruta za kupanga foleni ya pakiti. Hii si siri ya wachache: fq_codel imeandikwa kwenye RFC 8290, waraka wa kiufundi wa intaneti, tangu 2018, na RouterOS 7, mfumo wa ruta za MikroTik, unazo zote mbili. Mimi nasema CAKE, kwa sababu programu nyingi za bakapu zinafungua mikondo (miunganisho) hata 16 kwa mpigo. Foleni inayogawa kwa mkondo itaipa bakapu mafungu 16 na simu fungu 1. CAKE inaweza kugawa kwanza kwa kompyuta, ila washa chaguo la nat, linalotambua kompyuta zinazotumia anwani moja ya intaneti, la sivyo ofisi nzima inaonekana kama kompyuta moja.

Na wenye MikroTik, jamani, fasttrack, ile njia ya mkato ya pakiti! Sheria hiyo ipo kwenye mipangilio ya kiwandani ya ruta nyingi, na pakiti zinazopita humo zinaruka simple queue (foleni unayoiwekea kikomo) kabisa. Unaweka kikomo, hakifanyi kazi, unasingizia ruta. Izime, au itoe sava ya bakapu kwenye sheria hiyo.

Vipimo navyo ni balaa. Kwenye rclone, programu ya kupeleka mafaili kwenye wingu, --bwlimit 18M (kikomo cha kasi) ni megabaiti kwa sekunde, na baiti 1 ni biti 8, yaani kama 150 Mbps, kwa laini ya 20 hujaweka kikomo chochote. Kwenye rsync, programu nyingine ya kunakili mafaili, namba tupu ya --bwlimit inahesabiwa kwa kilobaiti: ukiandika 18 ukidhani ni megabiti, bakapu haitaisha mwaka huu. Kwa 18 Mbps andika takribani 2200.

Sasa saa. GB 80 kwa 18 Mbps ni karibu saa 10. Ikianza saa 2 usiku, inaisha saa 12 asubuhi, safi. Lakini sava nyingi zinaachwa kwenye UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Mtu anaandika 20:00 kwenye cron (ratiba ya kazi za sava), kazi inaanza saa 5 usiku ya Afrika Mashariki na kumalizika saa 3 asubuhi, ofisi imeshajaa. Andika amri ya timedatectl uone saa ya sava kabla hujalaumu kampuni ya intaneti.

Bakapu ya kwanza ya TB 1 kwenye laini hiyo itakula zaidi ya siku 5 mfululizo. Usiipitishe kwenye intaneti. Nakili kwenye diski, ifunge kwa nywila, ipeleke kwa mkono mpaka kwenye hifadhi, halafu usiku zipite zile data zilizobadilika tu.

Fundi anayebisha, aendeshe ping (amri inayopima pakiti inachukua muda gani kwenda na kurudi) bakapu ikiwa inatembea, kisha bila bakapu, aweke majibu yote mawili hapa.