Jina la kichanga wa Isevya

Dogo Isevya: Shikamooni wakubwa. Mama na mtoto wanaendelea vizuri, kitovu kimedondoka leo asubuhi. Jina tumepata: Ares, mungu wa vita wa Wagiriki wa kale. Fupi, na mtaani hana mwenzake.

Shangazi Ipuli: Marahaba baba, hongereni sana. Ila Ares hapana. Nimefundisha fasihi miaka mingi, huyo namjua. Kwenye Iliad, ule utenzi wa Kigiriki wa vita vya Troy, Zeus baba yake anamwambia usoni kwamba anamchukia kuliko miungu wote wa Olympus, maana hapendi kingine ila ugomvi. Diomedes, binadamu tu, anasaidiwa na mungu wa kike Athena kumchoma mkuki tumboni, naye anapiga yowe na kukimbia kwenda kushtaki. Hilo ndilo la kumvisha mtoto wa wiki moja?

Mjomba Nzega: Dada, taratibu. Babu yetu si Martini? Martini linatokana na Mars, na Mars ndiye Ares wa Warumi. Mbona hatukukataa?

Dogo Isevya: Asante mjomba 🙏🙏

Shangazi Ipuli: Asili yake ni hiyo, sibishi. Lakini katikati yupo Martin wa Tours, askari aliyekata joho lake vipande viwili akampa ombaomba kwenye baridi, halafu akaacha jeshi. Babu alibatizwa kwa huyo. Denis wetu naye ukilifuata jina lake unafika kwa Dionysus, mungu wa mvinyo. Isidori ni zawadi ya Isis wa Misri. Mama Demetria wa Sikonge, Demeter wa mavuno. Majina hayo yamepita kwa watu wema kabla ya kutufikia sisi. Ares anamjia mtoto moja kwa moja kutoka vitani.

Mjomba Nzega: Hapo umenishika. Hata mtemi Mirambo wa Wanyamwezi alizaliwa Mtyela Kasanda. Mirambo, yaani maiti, ni jina la ukubwani, la vita. Hakuna mama aliyempa kitovu kikiwa kibichi.

Mama Kichanga: Shikamooni. Mimi Ares nililikubali kwa sababu lina hadithi. Usiku nikinyonyesha nataka niwe na la kumsimulia.

Bibi Urambo: 🎤 Sauti 2:51

Mjukuu wa Urambo: Wenye bando dogo, bibi anasema hivi: "Kwani hadithi zetu zimekwisha? Mama yangu alitusimulia tukikata viazi vya michembe. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote duniani, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akajifungua mvulana, Masala Kulangwa, yaani mwenye akili za kuelewa upesi. Akakua, akauliza, mama, mbona tuko wawili tu? Alipoambiwa akatoka kulitafuta. Siku ya kwanza kaua panzi, karudi anaimba, mama, nimemuua Shing'weng'we! Mama yake akamwambia, mwanangu, huyu ni panzi, tumkaange tule. Siku nyingine kaleta ndege, nyingine swala, kila mara wimbo uleule. Mpaka akaliua lenyewe. Akapasua tumbo, watu wote wakatoka wazima, na baba yake. Ila kisu kilimkata sikio kikongwe mmoja, akaapa kulipiza."

Mama Kichanga: Nimelia. Hapo pa panzi nimerudia mara tatu. Yule mama hakumcheka mtoto hata mara moja.

Dada Cheyo: Jina Masala mimi nimelipenda, ila shuleni si watamwita viungo vya pilau?

Mama Kichanga: Watakaomtania niletewe, niwasimulie na wao.

Shangazi Ipuli: Mama, hii mbona hukuwahi kunisimulia mimi?

Mjukuu wa Urambo: Bibi anasema ulisimuliwa, ulikuwa unalala kabla hadithi haijafika kwa yule swala.

Dogo Isevya: Wakubwa, tumekaa tumeongea. Kwenye kadi ya kliniki ataandikwa Masala, na ubatizo Martini wa babu. Ares nimeacha. Bibi, yule kikongwe wa sikio, mwisho wake?

Mjukuu wa Urambo: Anasema hayo hayasemwi kwenye simu. Mkimaliza arobaini mleteni Urambo, ataanzia kwenye panzi.