Mafunzo kwa washauri wa kazi: aliyeumia ubongo tunamsaidiaje?

Afisa_Ajira_Moro: Habari wadau. Naandaa mafunzo ya siku mbili kwa washauri wa kazi, wale wanaorudisha watu kazini baada ya ajali. Mguu wanauelewa, mgongo wanauelewa, ila aliyeumia kichwa akatoka hospitali anatembea na kuongea vizuri wanamwandikia yuko fiti, halafu mwezi haujaisha bosi anamfukuza eti mvivu, mkorofi, msahaulifu. Inaniuma sana. Nianzie wapi?

TabibuKazi: Dada anzia hapo hapo kwenye "anaongea vizuri". Ofisini kwenu kumetulia, unamuuliza swali moja moja, lazima apite. Sehemu ya mbele ya ubongo ndo inayopanga mambo na kuzuia hasira, ikiumia utaiona ukimuweka kaunta ya duka la spea, simu inaita, huyu anataka plagi yule brekipedi na wote wanaongea kwa mpigo. Wapeleke washauri wako huko wakae waandike amekwama wapi, nani kamkumbusha, kaanza kuchoka saa ngapi, maana uchovu ule si wa kuisha kwa chai, mtu yuko vizuri mpaka saa tano halafu basi. Na mara nyingi mwenyewe haoni tatizo, hafichi, ni ubongo hauoni, kwa hiyo akiridhia ongea na mkewe pia. Tafuta tabibu kazi, wale wanaomsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku na kazi, waliosomea hospitali ya KCMC Moshi wakusaidie kufundisha.

Foromani: Nakazia. Fundi wetu aligongwa na boda, alivyorudi kila mtu anamtuma, anachanganyikiwa, anatukana watu. Mshauri akaja akasimama naye karakana, wakabandika hatua za kazi ukutani, maagizo yakawa yanatoka kwangu tu, akaanza na masaa manne. Kazi yuko nayo mpaka leo.

Wakili_Mdogo: Wafundishe na sheria. Akiumia akiwa kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hautoi hela tu, una na utengamao, yaani huduma za kumsaidia aliyeumia arudi kwenye shughuli zake, wengi hawadai. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea afikishe asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu.

Afisa_Ajira_Moro: Asanteni mno. Siku ya pili yote nahamishia karakana. Foromani, huyo fundi masaa mlimwongezaje?

Foromani: Lisaa moja moja dada, na akianza kukosea vipimo tunarudi nyuma, hatumsemi.