Nataka kujifunza kuandika programu za kompyuta na sijui lolote: nianzie wapi?

Mwanakirumba

Wakuu, salaam. Nina umri wa miaka 24, nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo namsaidia mama katika biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Kazi yangu kubwa ni daftari: magunia mangapi yameshushwa kutoka visiwani, nani amechukua kwa mkopo, nani amepunguza deni na nani anatukwepa. Nimenunua kompyuta mpakato iliyotumika, yenye Windows 7, kwa nia ya kujifunza kuandika programu, maana nimechoka kujumlisha kurasa zilezile kila Jumamosi na kupata jawabu tofauti kila ninaporudia.

Tatizo langu ni kwamba nimetazama video za mafunzo kwa miezi mitatu, bando limeteketea, na kila ninapomtazama mwalimu nahisi nimeelewa. Lakini nikifunga video na kukaa mbele ya ukurasa mtupu, sijui hata herufi ya kwanza ya kuandika. Naomba kujua nianze na lugha gani, na kama D yangu ya hesabu itanizuia. Kiingereza changu nacho ni cha kuombea maji. Muda ninao hasa siku za mbalamwezi, kwa kuwa dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na mzigo sokoni hupungua.

Fundi wa Nyegezi

Dada Mwanakirumba, karibu sana. Nimeifanya kazi hii kwa miaka tisa, na nilipoanza nilipotelea palepale ulipopotelea wewe. Video inakuonyesha programu iliyokwisha kufikiriwa. Kufikiri kwenyewe kulifanyika kabla kamera haijawashwa, na hiyo ndiyo sehemu usiyoiona. Ndiyo maana ukibaki peke yako unakosa pa kushika.

Ushauri wangu ni uanze na Python, lugha ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991 na ambayo imeandaliwa isomeke kwa urahisi. Zingatia jambo moja ambalo limewakatisha tamaa wengi wenye kompyuta za zamani: kwenye Windows 7 toleo la mwisho linalokubali ni 3.8, na kuanzia 3.9 linakataa kabisa, kwa hiyo usije ukadhani umekosea wewe. Ukishaliweka utapata humo humo sehemu ya kuandikia iitwayo IDLE, na kuanzia hapo huhitaji bando kufanya mazoezi.

Kuhusu Kiingereza, maneno yaliyotengwa na Python kwa kazi zake ni 35 tu, na kwa kazi ya dukani utatumia kama kumi. Majina ya vitu unavyoviunda unayachagua mwenyewe, kwa Kiswahili au hata kwa Kisukuma. Kuhusu hesabu, programu ya daftari inataka kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kulinganisha, mambo unayoyafanya kila siku sokoni.

Sasa la msingi. Usiiguse kompyuta kwanza. Chukua karatasi uandike hatua unazofuata siku ya Jumamosi, kwa namna ambayo mtoto wa darasa la nne angeweza kuzifuata bila kukuuliza swali. "Angalia nani anadaiwa" si hatua, kwa sababu mtoto atakuuliza anaangaliaje. "Fungua ukurasa wa mteja, chukua deni la mwanzo, toa kila malipo, na kikibaki zaidi ya sifuri andika jina lake" hizo ni hatua. Ukishindwa kuziandika kwenye karatasi, hakuna lugha ya kompyuta itakayokuokoa. Baada ya hapo andika programu ndogo kupita kiasi, ya mistari mitatu, inayouliza magunia ya asubuhi na ya jioni kisha ijumlishe. Iandike kwa vidole vyako, usinakili.

Bi Igoma

Naheshimu maneno ya Fundi, ila mimi nilianzia kwenye HTML na JavaScript, lugha za kutengenezea kurasa za tovuti, na sijutii. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, tayari unacho, hata kwenye simu, kwa hiyo hakuna cha kupakua, na unaona kitu kwa macho siku ileile. Kitufe changu cha kwanza kiligeuka rangi nilipokigusa, nikamwita mume wangu jikoni aje kushuhudia. Kwa anayejifunza peke yake, furaha ya namna hiyo ina uzito kuliko tunavyokiri.

Fundi wa Nyegezi

Bi Igoma, sikupingi kuhusu furaha. Hofu yangu ni kwamba JavaScript, ambayo Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 kwa siku kumi tu, humvumilia mno anayekosea: ukijumlisha namba na maandishi itakupa jawabu la ajabu bila kukuonya, wakati Python itasimama na kukuambia kuna kosa. Mwanafunzi wa kwanza anahitaji mwalimu mkali kidogo.

Mzee wa Nansio

Mimi si mtaalamu, ni mzazi. Kijana wangu nilimlipia ada ya wiki sita mahali fulani palipoahidi kumfanya mtaalamu, akarudi Ukerewe na cheti kizuri na makaratasi ya kusoma, lakini nilipomwomba aniandikie programu ya kugawa nauli ya mtumbwi kwa abiria, alikuna kichwa hadi jua likazama. Binti, kabla hujatoa fedha yako kwa mtu, muulize wanafunzi wake waliomaliza wameandika nini, na uone kwa macho.

Mwanakirumba

Nawashukuru nyote. Karatasi ilinichukua siku mbili, nikagundua kwamba hata mimi sijui hasa tunavyokokotoa deni la mtu aliyelipa nusu kwa fedha na nusu kwa kurudisha gunia. Ilinibidi nimuulize mama. Kisha nikaandika hivi:

asubuhi = input("Magunia ya asubuhi: ")
jioni = input("Magunia ya jioni: ")
print(asubuhi + jioni)

Niliingiza 20 na 5, ikanipa 205. Mama alicheka sana, akauliza hayo magunia mia mbili na tano yako ghala la nani. Nimekosea wapi?

Fundi wa Nyegezi

Hongera, dada. Kosa hilo limempata kila mmoja wetu. Chochote kinachoingizwa kwa kibodi kupitia input, Python hukipokea kama maandishi, hata kama kinaonekana ni namba. Kwake yeye, 20 yako ni herufi mbili zilizokaa pamoja, na alama ya kujumlisha baina ya maandishi maana yake ni kuyaunganisha, ndipo 20 na 5 vikawa 205. Mwambie ageuze kuwa namba kamili kwa kuandika int(input("Magunia ya asubuhi: ")), na mstari wa pili vivyo hivyo, utapata 25.

Kisha fanya jaribio hili makusudi: ukiulizwa idadi, andika neno "ishirini". Kompyuta itakutupia maneno mekundu. Usiogope na usifunge. Soma mstari wa mwisho kwanza, kwa sababu ndio unaotaja aina ya kosa, kisha panda juu kidogo utafute namba ya mstari ulioharibika. Aliyezoea kusoma maneno hayo mekundu ameshavuka sehemu ngumu kuliko zote, na wengi huacha kujifunza kwa sababu tu hawakuwahi kuyasoma.

Na fedha ziandike kwa shilingi kamili, bila desimali. Ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 itakujibu 0.30000000000000004, kwa kuwa kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa 0 na 1, na sehemu ya kumi haiandikiki humo kwa ukamilifu.

Mwanakirumba

Ni wiki ya tatu sasa. Nimejifunza kurudia swali kwa kila mteja na kuweka orodha ya madeni. Juzi umeme ulikatika, na betri ya kompyuta yangu ni ya jina tu, madeni yote yakapotea. Bahati daftari lipo.

Fundi wa Nyegezi

Orodha yako ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo husahau umeme ukizimika. Iandike kwenye faili kila unapoingiza mteja mmoja, usisubiri mwisho. Unapofungua faili kwa amri ya open, herufi "a" huongeza chini ya yaliyopo, bali herufi "w" hufuta yote yaliyokuwemo na kuanza upya, bila kukuuliza. Mimi nilifuta kazi ya mwezi mzima kwa herufi hiyo moja. Daftari msiliache, andikeni kotekote kwa muda mpaka mridhike.

Mwanakirumba

Faili inafanya kazi. Ila Jumamosi hii programu inamdai mteja mmoja gunia ambalo daftari linaonyesha ameshalipa. Nimepitia mistari yote na sioni kosa.

Fundi wa Nyegezi

Tazama jina lake limeandikwaje siku ya kukopa na siku ya kulipa. Kwa kompyuta, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili, na hata nafasi moja iliyozidi mwishoni humfanya mtu kuwa mwingine.

Mwanakirumba

Ni kweli. Alikopa akiwa "Mama Neema" na akalipa akiwa "mama neema". Mama anasema tusimwambie kwamba tulimdai mara mbili.